Kusomeshwa kwa Kiingereza si Kufundishwa Kiingereza

Wazazi wengi wa Mbeya na Iringa huamini kwamba mtoto akifundishwa masomo yote kwa Kiingereza, lugha hiyo itamwingia yenyewe. Sivyo. Katika shule nyingi za msingi za serikali Kiingereza ni somo, ilhali Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia. Anapoingia kidato cha kwanza mpangilio huo hugeuka, na biolojia, jiografia na hisabati humjia kwa lugha ambayo hajaimudu. Hapo mwalimu hueleza kwa Kiswahili, kisha huandika nukuu ubaoni kwa Kiingereza, na wanafunzi huzikariri bila kuzielewa (si haki kumlaumu, kwani asipofanya hivyo darasa hubaki kimya). Kinachojenga lugha ni kusoma, kuzungumza na kuandika kwa wingi katika vipindi vya somo la Kiingereza lenyewe.