Je, wajua? Lipu ya chokaa haikauki tu, inarudi kuwa jiwe

Fundi akimaliza kupiga lipu ya chokaa, kila mtu anasubiri ikauke. Kukauka kupo, lakini si ndiko kunakoleta ugumu. Tope nalo hukauka, na mvua moja tu inalirudisha kuwa tope; lipu iliyoshika haifanyi hivyo. Ushahidi mwingine ni wa ajabu zaidi: rojo la chokaa likihifadhiwa shimoni chini ya maji hukaa laini kwa miaka. Linachokosa humo ni hewa.

Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu, yaani kampaundi ya kalsiamu, kaboni na oksijeni. Kwenye tanuri, joto likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa inatoka. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki 56. Bonge linalobaki lina umbo lilelile, ila jepesi. Limwagie maji uone linavyofoka mvuke na kuporomoka kuwa unga mweupe, ambao ndio chokaa ya kupigia lipu, kampaundi nyingine kabisa.

Zile kilo 44 zilizopaa zichukulie kama deni. Lipu ikishapakwa, inaanza kudai: inavuta hewa ya ukaa, inarudi kuwa kabonati ya kalsiamu, na papo hapo inatoa maji. Lakini mdaiwa ni maskini, kwani hewa tunayovuta ina hewa ya ukaa kama asilimia 0.04 tu. Malipo yanakuja kidogokidogo, kuanzia juu kwenda ndani, hivyo ukuta mnene unaweza kungoja miaka mingi. Tena hayapokelewi pakavu: hewa hiyo lazima kwanza iyeyuke katika unyevu wa lipu. Ndiyo maana lipu mbichi hunyunyiziwa maji. Ikikaushwa haraka na jua, inabaki ungaunga.

Deni lenyewe si lazima lilipwe lote, na moshi wa kuni za tanuri haumo katika hesabu hii. Ukuta uliochanganywa udongo mwekundu, kama ilivyo kwingi Mji Mkongwe, nao una sehemu inayokauka kweli.

Saruji ni habari nyingine: yenyewe humenyuka na maji, ndiyo maana hushika hata chini ya bahari.