Umebakiza Siku Tano Kabla ya GRE: Kirudishe Kitabu Kipya, Fungua Daftari la Makosa

Msimu wa kuomba vyuo vya Marekani ukikaribia, vijana wanaotafuta nafasi za uzamili na uzamivu huja kwenye dawati letu la ushauri wakiwa na macho mekundu kwa kukesha. Mtihani wa GRE, ambao vyuo vingi hivyo huutumia kuwapima waombaji, umebaki siku tano, na mkononi mtu ameshika kitabu kinene alichoazima jana. Ombi langu la kwanza huwa ni lile lile: hicho kitabu mrudishie mwenyewe.

Siku tano hazitoshi kumeza maneno elfu moja ya Kiingereza, wala kuanza upya mada ya uwezekano iliyokupiga chenga tangu sekondari. Zinatosha, tena vizuri, kuziba matundu ambayo tayari unayajua. Chukua mitihani ya majaribio uliyokwisha kufanya, hasa ile miwili ya POWERPREP inayotolewa bure na ETS, taasisi inayoendesha GRE. Pitia kila swali ulilokosa, kisha andika kwenye daftari, kwa sentensi moja, kwa nini ulikosa. Usiandike "hesabu ngumu", maana hiyo haikusaidii kitu. Andika: "Nilidhani x lazima iwe namba nzima."

Hilo la x nalitaja kwa sababu nimeliona mno. Sehemu ya hesabu ina maswali ya kulinganisha. Kiasi A ni x², Kiasi B ni x, kipi kikubwa? Mtahiniwa aliyechoka anaweka 3, anapata 9, anachagua A na kusonga mbele. Lakini x ikiwa ½, A inakuwa ¼, na B ndiyo kubwa. Ikiwa 1, vinalingana. Jibu sahihi ni kwamba maelezo yaliyotolewa hayatoshi kujua. Hapo hapahitajiki hesabu ya chuo kikuu. Panahitajika mazoea ya kujaribu sifuri, moja, sehemu na namba hasi kabla ya kubonyeza jibu, na mazoea hayo mtu anayapata kwa jioni mbili.

Hakikisha pia unajiandaa kwa mtihani uliopo. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa, na sasa inachukua saa 1 na dakika 58, lakini bado nakutana na watu wanaojipima kwa vitabu vya ule wa zamani uliokaribia saa 4. Insha ni moja, dakika 30, na ndiyo inayotangulia daima. Lugha ina vipande viwili: maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Hesabu vilevile: 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Kwa hiyo swali la lugha lina kama dakika moja na nusu, la hesabu kama dakika moja na robo tatu. Likikukwamia, liwekee alama, ruka, urudi baadaye kabla kipande hicho hakijafungwa. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali tupu hata moja. Na kipande cha pili kikija kigumu, usivunjike moyo: kompyuta hukipanga kulingana na ulivyofanya cha kwanza, hivyo ugumu huo huenda umetokana na kufanya kwako vizuri.

Kuhusu insha, ETS imechapisha kwenye tovuti yake mada zote zinazoweza kutoka. Chagua mbili, uandike kila moja kwa dakika 30 kwenye programu isiyosahihisha tahajia, kwa sababu ya mtihani haisahihishi. Kukariri insha ya mtu mwingine hakufai.

Sasa yale yasiyo ya darasani, ambayo kwa maoni yangu huwaangusha watu wenye uwezo mkubwa kabisa. Fungua pasipoti yako, uiweke kando ya uthibitisho wa usajili, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, na mara nyingine cheti kina moja na pasipoti ina jingine. Ukiona tofauti, wasiliana na ETS leo hii. Kuahirisha nako kuna mwisho wake: zikibaki chini ya siku 4, ada imekwenda.

Angalia na saa. Kijana mmoja niliyemshauri alisoma "8:00 AM" kwenye barua pepe, akaandika kwenye simu "saa 8". Siku ilipofika akaisoma kama tunavyosoma sisi, saa nane. Aliondoka nyumbani saa sita mchana, ametulia, amekula, wakati wenzake walikwishamaliza na kuondoka. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno, umwambie na atakayekuamsha.

Kama unafanyia nyumbani, fanya ukaguzi wa kompyuta sasa hivi. Tableti haikubaliki, wala spika za masikioni. Karatasi ya kawaida ya kuandikia hairuhusiwi, kwa hiyo tafuta ubao mdogo mweupe wa kufutika. Waambie watu wa nyumbani mapema kwamba mlango haufunguliwi, maana mtoto akiingia kutafuta chaja, msimamizi anaweza kukusimamishia mtihani. Na kwa umeme wetu huu, chaji kompyuta hadi ijae na uwe na intaneti isiyotegemea soketi ya ukutani.

Usiku wa mwisho lala. Ubongo hupanga yale uliyosoma wakati umelala, na mtu aliyekesha husoma sentensi moja mara tatu bila kuielewa.

Mwishoni utaonyeshwa alama za awali za lugha na hesabu, kila moja kati ya 130 na 170, na utaweza kuzituma bure kwenye vyuo visivyozidi 4. Alama za insha huja pamoja na matokeo rasmi, siku 8 hadi 10 baadaye. Majina ya vyuo vyako 4 na idara zake yaweke kichwani tangu leo, kwa sababu kikaratasi ulichoyaandika hakitaingia nawe chumbani.