Nukta Moja kwenye Skrini Si Kifuko Kimoja

Mwezi huu pekee wamenijia watafiti watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakiwa na grafu zilizojaa nukta na kauli ile ile: "Dokta, sampuli ni nzuri, angalia vifuko vilivyo vingi." Vifuko hivyo ni chembe ndogo mno zilizozungukwa na utando, ambazo seli huzitoa nje. Kauli hiyo nimeijibu mara nyingi sana katika maabara hapa Dar es Salaam, na sasa naiandikia, kwa sababu inaharibu kazi za watu wenye bidii ambao wametumia miezi kukusanya damu ya wagonjwa.

Dhana yenyewe ni kwamba kila nukta inayoonekana kwenye skrini ya saitometa, mashine inayopitisha chembe mbele ya leza na kupima mwanga wake, ni kifuko kimoja kilichotoka kwenye seli, na kwa hiyo sampuli nzito ndiyo bora. Naelewa inakotoka. Wengi wetu tulijifunza mashine hii kwa kuhesabu seli za CD4, na limfosaiti, aina ya seli nyeupe ya damu, yenye kipenyo cha mikromita 8 hupita mbele ya leza peke yake, ikatawanya mwanga wa kutosha, ikahesabiwa bila utata. Kifuko cha nanomita 100 ni kidogo kuliko limfosaiti hiyo mara 80 kwa kipenyo, lakini mwanga wake haupungui mara 80 tu. Kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la leza, mwanga unaotawanywa hufuata kipenyo kikipandishwa kwenye kipeo cha sita, yaani kifuko chenye nusu ya kipenyo cha mwenzake hutoa mwanga pungufu mara 64. Saitometa nyingi za kawaida, zilizoundwa kwa ajili ya seli, hazina uwezo wa kukitambua kifuko kama hicho kimoja kimoja kwa mwanga huo.

Sasa mtu atauliza nukta zimetoka wapi. Mashine haioni vifuko. Inapokea mwanga, na kila mwanga unapovuka kizingiti tulichokiweka, inaandika tukio moja. Sampuli yenye vifuko bilioni 10 kwa mililita ina vifuko 10 katika kila pikolita, na sehemu ya mkondo inayomulikwa na leza kwa wakati mmoja inaweza kubeba makumi ya pikolita. Kwa hiyo mamia ya vifuko, ambavyo kila kimoja peke yake kingepita bila kuonekana, vinamulikwa pamoja, mwanga wao unajumlishwa, kizingiti kinavukwa, na mashine inaandika "moja". Anayesimama kando ya Barabara ya Morogoro usiku ameshaona pikipiki mbili zinazokuja sambamba zikidhaniwa kwa mbali kuwa gari moja. Hapa pikipiki ni mamia.

Kinachoniumiza zaidi ni hitimisho linalojengwa juu ya kosa hili. Tuchukue malaria, ambayo wengi hapa nchini wanaichunguza. Seli nyekundu zilizoambukizwa Plasmodium falciparum hutoa vifuko, na mtafiti hutumia kingamwili ya CD235a, protini ya seli nyekundu, kutambua asili hiyo, pamoja na kingamwili nyingine ya protini ya kimelea, kila moja ikiwa na rangi yake inayong'aa. Akiona nukta zenye rangi zote mbili hutangaza kwamba amepata vifuko vya seli zilizoambukizwa. Lakini ikiwa kifuko chenye rangi ya kwanza na kingine chenye rangi ya pili vimemulikwa pamoja, grafu itaonyesha rangi mbili hata kama hakuna kifuko hata kimoja chenye protini zote mbili.

Dawa yake haihitaji mashine mpya. Zimua sampuli hatua kwa hatua, kwa mfano mara 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kisha angalia mambo mawili kwa pamoja: idadi ya matukio ishuke kwa uwiano ule ule wa kuzimua, na mng'ao wa wastani wa kila tukio ubaki pale pale. Mng'ao ukishuka kadiri unavyozimua, ulikuwa unahesabu makundi. Kwa rangi mbili nasisitiza jaribio moja zaidi, na silegezi: gawa sampuli, paka kila sehemu rangi yake, ondoa kingamwili zilizobaki huru, kisha zichanganye dakika ileile unayozipitisha. Nukta za rangi mbili zikijaa katika mchanganyiko huo, basi hata zile za mwanzo hazikuthibitisha chochote.

Dhana nyingine nitazipitia kwa ufupi. Wapo wanaopima ukubwa wa vifuko kwa shanga za polistireni, aina ya plastiki. Polistireni hupinda mwanga kwa kiwango cha takriban 1.6 na vifuko takriban 1.4, hivyo kifuko kinachong'aa sawa na shanga ya nanomita 200 ni kikubwa kuliko shanga hiyo kwa mbali. Wapo wanaoita kila chenye protini ya CD63 eksosomu, yaani kifuko kilichozaliwa ndani ya seli, ilhali protini hiyo haisemi kifuko kilizaliwa ndani ya seli au kwenye utando wake wa nje. Mwongozo wa kimataifa wa watafiti wa vifuko, MISEV, wa 2018 ulipendekeza jina la jumla, vifuko vya nje ya seli, pale asili isipothibitishwa. Wengine huamini kwamba kingamwili iking'aa basi kuna kifuko, wakati kingamwili zilizogandamana hung'aa pia. Pitisha kingamwili katika bafa (kimiminika cha kuzimulia) tupu iliyochujwa, kisha tia Triton X-100, sabuni ya maabara inayoyeyusha utando, kwenye sampuli: kilicho kifuko kitayeyuka, na kinachobaki kiking'aa si kifuko.

Kuhusu plazima, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli, wengi huniambia kwamba iligandishwa mapema na kwa hiyo iko salama. Ikigandishwa ikiwa bado na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hizo hupasuka wakati wa kuyeyushwa na kujaza mrija vipande ambavyo mgonjwa hakuwa navyo. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 2,500 g (mara 2,500 ya nguvu ya mvutano wa dunia) kwa dakika 15, mara mbili, kabla ya friza. Mrija ulioruka hatua hii ukishagandishwa hauwezi kusafishwa tena, ndiyo maana huwa naomba kumbukumbu ya siku ya kutoa damu kabla sijawasha leza.