Msaragambo wa hei usubiri nyasi

Kila Juni, masika yakishaisha, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro hutuuliza kuhusu boksi, kamba na stoo za hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulishia kiangazi. Wa kuuliza kuhusu siku ni wachache, wakati hei nyingi tunazozikuta zimeoza zimeponzwa na siku. Msaragambo, kazi ya pamoja ya majirani, umetangazwa Jumamosi, mbege, pombe ya ndizi na ulezi, imeshaiva, majirani wamefika, nyasi bado zina maji. Mwenye shamba anaona haya kuwarudisha watu. Zinafungwa hivyo hivyo.

Nyasi kama Rhodes hukatwa zinapoanza kutoa maua. Zikishakomaza mbegu, ng'ombe anatafuna vijiti. Kata umande ukishakauka, tandaza, geuza mara mbili kwa siku. Ukikata tambarare, kaushia huko huko, kwa maana mlimani Juni na Julai ni mawingu na manyunyu. Jua kali la siku mbili au tatu hutosha, lakini usihesabu siku, pima. Katakata hei kidogo, itie kwenye chupa kavu ya plastiki pamoja na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikishikana mabonge, unyevu umezidi asilimia 15. Mbege inyweni, kazi isubiri.

Hei mbichi ikibanwa, vijidudu huendelea kuila na joto hupanda ndani. Kwanza fangasi: vumbi lake huumiza mapafu ya anayelisha, na ng'ombe mwenye mimba anaweza kuitoa. Joto likizidi sana, rundo hujiwakia lenyewe bila kiberiti wala mchawi.

Boksi la kufungia hei ni la mbao, wazi juu na chini, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kwanza kamba mbili za katani, ncha zikining'inia nje. Watu wanne wanatosha: wawili wanaleta nyasi, mmoja anajaza, mmoja anasimama ndani akikanyaga, hasa pembeni. Kijana mwenye papara hukanyaga katikati tu, robota, yaani furushi la hei lililofungwa, likatoka na tumbo na kufumuka njiani kabla halijafika kwenye pikapu. Likibanwa vizuri lina kilo 15 hadi 20.

Ng'ombe wa kilo 350 hula takribani kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Nusu ikiwa hei, miezi mitatu ya kiangazi inataka kilo 450, yaani marobota 30 ya kilo 15. Wengi hufunga kumi wakadhani wamemaliza.

Stoo iwe na paa lisilovuja. Panga marobota juu ya magogo au vichanja, yasiguse udongo wala ukuta, upepo upite. Wiki za mwanzo chomeka nondo katikati ya rundo, iache robo saa, uishike. Ikikuunguza, bomoa rundo polepole, ndoo za maji zikiwa karibu, maana hei yenye moto ndani ikipata hewa ghafla hulipuka.

Siku ya kulisha, kata kamba nje ya hori. Za manila, yaani za plastiki, ndizo mbaya zaidi, haziozi tumboni, zinajikunja na kuziba. Robota liliingia na kamba mbili. Hakikisha mbili zimebaki mkononi mwako.