Kwa nini kuna kanisa la Wapolandi huko Bunyoro?

Ukitoka Masindi mjini, magharibi mwa Uganda, kuelekea msitu wa Budongo utafika Nyabyeya, penye chuo cha misitu. Hapo kuna kanisa Katoliki lenye jina la Bikira Maria, Malkia wa Poland, na makaburi ya watu wenye majina yanayoshinda ulimi wa Mnyoro: konsonanti zimebanana, irabu ya kuvutia pumzi huioni. Walifikaje huku?

Agosti 1939 Hitler na Stalin walitia saini mkataba wa kutoshambuliana, na mwezi uliofuata wakaigawana Poland. Wasovieti wakawapakia Wapolandi kwa mamia ya maelfu kwenye mabehewa ya mizigo, wanawake na watoto wakiwemo, hadi Siberia na Kazakhstan. Juni 1941 Hitler akamgeuka mwenzake. Stalin, aliyetafuta marafiki kwa haraka, akapatana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, na waliofungwa wakaachiliwa. Mwaka 1942 jeshi la Wapolandi hao, chini ya Jenerali Anders, likahamia Iran, raia wakifuatana nalo.

Wapelekwe wapi sasa? Kupokea wakimbizi hakukuwa jambo rahisi: mwaka 1938 nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kuhusu Wayahudi waliomkimbia Hitler. Maneno ya huruma yalikuwa tele, lakini karibu kila mjumbe alieleza kwa nini kwake hakuna nafasi. Wapolandi walikuwa na bahati moja: askari wao walikuwa wakipigana upande wa Uingereza, hivyo ilikuwa vigumu kuzifungia mlango familia zao. Nafasi ikapatikana, ila katika makoloni: Tengeru karibu na Arusha, Koja kando ya Ziwa Victoria, na hapa Nyabyeya. Uganda ilipokea takriban 7,000. Waliokubaliana walikuwa London. Aliyeambiwa asogee kwenye mkeka ni Mnyoro.

Wakakaa katika nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, wakafungua shule, wakalima, wakajenga hilo kanisa huku wakingoja kurudi kwao. Wengi hawakurudi. Februari 1945, kwenye mkutano wa Yalta, Uingereza na Marekani zilikubali Stalin abaki na mashariki mwa Poland, ambako ndiko wengi wao walikotolewa. Uingereza, mshirika aliyewapa hifadhi huku Uganda, alikuwa mezani siku hiyo. Kambi zilipofungwa, wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Waliofia Nyabyeya bado wako pale, jirani na wanafunzi wa chuo.