Kurudi kwenye mchoro wa juzi: tunayoamini na yalivyo kweli

Umeme ukikatika kwenye ofisi za kuchora majengo na vifaa kwa kompyuta hapa Dar, iwe Sinza, Mwenge au Kariakoo, swali la kwanza huwa "Ulisevu?" Swali linalouma zaidi huja wiki mbili baadaye, mteja anaposema zile ngazi za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko hizi. Hapo unagundua kwamba wengi wetu kuchora tunajua, kurudi nyuma hatujui. Nimekusanya hapa ninayoyasikia kila mara kwa wenzangu.

"Nikirudisha toleo la zamani, kazi ya baadaye inafutika."

Hofu hii imewafanya watu wachore upya kitu ambacho tayari wanacho. Kwenye Fusion, programu ya kuchora maumbo kwa kompyuta, kila unaposevu programu inaweka toleo lenye namba yake. Ukiwa kwenye toleo la 9 ukalipandisha la 3 kuwa la sasa, matoleo ya 4 hadi 9 hayaguswi: linazaliwa toleo la 10 ambalo ni nakala ya la 3. Onshape, programu nyingine ya aina hiyo, nayo huandika urejeshaji kama tukio jipya mwishoni mwa historia, na ukijuta unaurudisha huo nao. Kwa hiyo jaribu bila woga. Ila unaposevu, andika maelezo mawili matatu, kwa mfano "ngazi zimehamia upande wa jiko". Namba 7 peke yake haitakukumbusha kitu mwezi ujao.

"Ule mkanda wa hatua chini ya skrini ndiyo historia ya matoleo."

Mkanda wa Fusion, au mti wa hatua wa SolidWorks (nayo ni programu ya kuchora maumbo), unaonyesha umbo lilivyojengwa: mstari, kisha unene, kisha tundu. Ukivuta alama kurudi nyuma unaliona umbo kabla ya tundu. Lakini kama tundu lilikuwa milimita 10 ukalibadilisha kuwa 12, mkanda unakumbuka 12 tu. Ile 10 utaikuta kwenye toleo la zamani la faili.

"AutoCAD inajisevu yenyewe, niko salama."

AutoCAD ndiyo programu tunayochorea ramani, na ina mafaili mawili ya akiba ambayo watu wanayachanganya. La kwanza linaishia na .bak, linakaa folda moja na mchoro wako, na lina hali ya mchoro kabla ya mara ya mwisho uliposevu. Ni hatua moja tu nyuma. Ukikosea ukasevu mara mbili, kosa limeshaingia na humo. La pili linaishia na .sv$, linaandikwa kwenye folda ya muda, kwa kawaida kila baada ya dakika 10, na ukifunga mchoro vizuri linafutwa. Linabaki pale tu programu au umeme unapokatika ghafla. Likibaki, tengeneza nakala yake pembeni kwanza, badilisha mwisho wa jina la nakala uwe .dwg, kama faili la kawaida la AutoCAD, ndipo ulifungue.

"Nimefungua toleo la zamani, basi kila kilichomo ni cha zamani."

Hili ndilo limenigharimu, na ndilo lililonifanya niandike.

Tulikuwa na nyumba ya ghorofa. Mchoro wa vyumba ulikuwa faili moja; nguzo za mhandisi zilikuwa faili jingine, limeunganishwa kama rejeo la nje, yaani linaonekana ndani ya mchoro wa vyumba lakini linabaki faili la peke yake. Mteja akataka mpangilio wa awali wa sebule. Nikafungua faili la vyumba la tarehe ile, likaonekana sawasawa, nikatuma likachapishwe kwenye karatasi ya A1 Kariakoo, likaenda saiti. Siku ya tatu fundi akanipigia: "Injinia, hii nguzo umeiweka mlangoni, watu watapita wapi?"

Rejeo la nje halirudi nyuma pamoja na mchoro unaolibeba. Faili la zamani lilikwenda kulitafuta faili la nguzo kwa njia ileile ya siku zote, likalikuta, na lilikuwa limeshabadilishwa na mhandisi. Kwa hiyo nikawa na kuta za zamani juu ya nguzo mpya, na programu haikuwa na sababu ya kulalamika. Tangu siku hiyo kila mchoro unaotoka ofisini naufunga kwa amri ya ETRANSMIT, inayokusanya mchoro na marejeo yake yote kwenye furushi moja. Hilo furushi ndilo toleo ninaloliamini.

"Toleo ni toleo tu."

Toleo la programu ni jambo jingine kabisa. Kumhifadhia mwenzako DWG ya muundo wa 2013 kwa sababu AutoCAD yake ni ya zamani hakurudishi usanifu wako nyuma hata kidogo. Kwenye Revit, programu nyingine ya kuchora majengo, uwe makini zaidi: faili la 2022 ukilifungua na kulisevu kwenye 2024, halitafunguka tena kwenye 2022.

"Iko Google Drive, haipotei."

Kwa faili kama DWG, matoleo ya nyuma yanaweza kufutwa baada ya siku 30 au yakifika 100, isipokuwa yale uliyoyawekea alama ya kudumu. Nyumba nyingi za Dar zinajengwa kidogo kidogo kwa miaka. Siku 30 mara nyingi hazijafika hata kwenye lenta. Mchoro uliogongewa muhuri wa kibali uwekee alama hiyo siku hiyohiyo, na furushi lake likae pia kwenye diski ya pembeni.