Kabla ya kuchagua lugha ya mfumo wako, uliza utatunzwa na nani

Anayeniuliza aandike mfumo wake kwa lugha gani ya programu, huwa namrudishia maswali mawili: utakaa kwenye seva (kompyuta inayouendesha) ya nani, na wewe ukishaondoka atautunza nani? Hapa Uganda majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko sifa zote za lugha zinazosimuliwa mitandaoni.

Upande wa kivinjari hakuna ubishi. JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995, ndiyo lugha inayoeleweka na kila kivinjari. Hata ukiandika kwa TypeScript ya Microsoft, mwisho wake inageuzwa kuwa JavaScript. Ubishi uko kwenye seva.

Nianze na PHP, lugha ya upande wa seva, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na mimi dharau hiyo siikubali. Ilitolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, na leo WordPress peke yake, programu ya kutengenezea tovuti iliyoandikwa kwa PHP, inabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. MUELE, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa Chuo Kikuu cha Makerere, umejengwa juu ya Moodle, nayo ni PHP pia. Nguvu yake ni namna inavyofanya kazi: kila ombi linapoingia, programu inaanza, inajibu, kisha kumbukumbu yake ya muda inasafishwa. Ukurasa mmoja ukikwama, mara nyingi kurasa nyingine zinaendelea kama kawaida. Ndiyo maana PHP inakaa vizuri kwenye seva za kuchangia, zile unazolipia kwa mwaka na kuziendesha kwa cPanel, ukurasa wa kusimamia seva. Na ukitafuta fundi wa kuitengeneza, humkosi hata ukiwa Mbale au Arua. Ila angalia toleo. Mfumo ulioachwa kwenye PHP 5 haujapata marekebisho ya usalama tangu mwisho wa 2018, na ukiwa na fedha za watu ndani yake, hiyo ni hatari kubwa.

Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, kazi ya Ryan Dahl ya mwaka 2009, ina tabia nyingine kabisa. Programu moja inabaki hai muda wote na kuhudumia maombi mengi bila kulisimamisha moja kwa sababu ya jingine. Kwa gumzo la papo kwa papo, au ramani inayoonyesha boda boda ilipo sasa hivi, sioni sababu ya kuikwepa. Lakini kosa moja lisiloshughulikiwa linaweza kuiangusha programu nzima, na watumiaji wote wanatoka kwa pamoja. Kwa hiyo unahitaji seva yako mwenyewe, kitu cha kuiwasha tena ikianguka, na mtu anayejua kusoma rekodi za makosa saa tano usiku. Mteja asiye na mtu huyo, usimpe Node.

Tofauti hizi huonekana wazi zaidi unapounganisha malipo ya simu. Ukituma ombi la malipo kwenye API (mlango wa kuunganishia programu) ya MTN MoMo, jibu la kwanza ni 202, yaani ombi limepokelewa. Hapo hela bado haijalipwa. Mteja hajaweka hata PIN yake. Matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani uliyoitoa, na lazima ujipange kwa siku ambayo hayatafika au yatafika mara mbili. Andika namba ya muamala kwenye hifadhidata kabla ya kutuma ombi, kisha rudi kuuliza hali yake. Kwenye PHP kazi hiyo hufanywa na cron, chombo cha seva cha kuanzisha kazi kwa ratiba, kila baada ya dakika chache. Kwenye lugha ya Python wengi hutumia Celery, chombo cha kuendesha kazi za nyuma. Kwenye Node kishawishi ni kuyaweka yote kwenye kumbukumbu ya muda ya programu, na ikianguka, miamala iliyokuwa inasubiri inasahaulika. Yeyote anayegusa fedha za watu aliwaze jambo hili kabla ya kufikiria uzuri wa sintaksia, yaani namna lugha inavyoandikwa.

Python naipenda kwa mashirika yanayokusanya takwimu. Django, fremuweki (mkusanyiko wa vifaa vya kujengea mfumo) ya Python iliyotolewa mwaka 2005, inakupa kurasa za usimamizi karibu bure, na takwimu zikishaingia unazichambua kwa lugha ileile. U-Report, huduma ya kukusanya maoni ya vijana kwa ujumbe iliyoanzishwa na UNICEF hapa Uganda mwaka 2011, leo inategemea RapidPro, programu ya kutuma na kupokea ujumbe, na RapidPro imejengwa kwa Django. Kwenye afya, jiandae kukutana na Java: DHIS2, ambayo Wizara ya Afya hukusanyia taarifa za vituo, imeandikwa kwa Java upande wa seva. Ruby ni lugha nzuri, lakini hapa ni shida kumpata wa kukupokea kazi. Go ni nyepesi na ina kasi, ila miradi mingi ya kwetu bado haijafikia ukubwa wa kuihitaji.

Kuna jambo moja ambalo halihusu seva kabisa. Tangu Julai 2021 bando la intaneti linatozwa kodi ya asilimia 12, na kila kilobaiti ya JavaScript unayomshushia mtu inalipiwa na yeye. Ukurasa wa kuonyesha salio hauhitaji fremuweki nzito; HTML iliyoandaliwa kwenye seva inatosha, na inafunguka hata kwenye simu ya bei nafuu kule Bududa.

Chukua SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya wakulima wa kahawa upande wa Mlima Elgon: wanachama mia kadhaa, karani mmoja, hawana fundi wa kuajiriwa. Hao ningewaandikia kwa PHP na fremuweki yake ya Laravel, kurasa zikitengenezwa kwenye seva, na cron ya kufuatilia malipo. Wakiniambia mtoto wa mwenyekiti amesoma Python na yuko tayari kuushika mfumo, nahamia Django siku hiyohiyo.